Daftari la Wachawi Watatu

Agosti iliyopita tulikuwa Vwawa kwa kazi za kichungaji, mafrateri wawili wa falsafa katika chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa parokia. Ratiba ilibandikwa mlangoni kwa mwandiko wa paroko mwenyewe: Jumatatu wagonjwa, Jumatano Utoto Mtakatifu, Alhamisi jumuiya, Jumamosi wanafunzi. Baridi ya Mbozi mwezi huo haina mzaha. Kahawa ilikuwa imeanikwa vichanjani kila upande, na kwenye barabara kuu malori ya Zambia na Kongo yalifuatana kuelekea Tunduma, mengine yamesimama tangu jana, madereva wakichemsha chai kando ya matairi.

Jumamosi ya pili tulikutana na vijana wa TYCS, kama arobaini hivi. Mada ilikuwa Amri ya Kwanza ya Mungu. Wakati wa maswali kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Frateri, mtu akiandika hadithi za wachawi, na yeye anakuwa mchawi?"

Ukumbi ukacheka. Kicheko tulikisikia, lakini hatukuangalia vichwa vinageukia wapi. Tungeangalia, tungemwona binti wa kidato cha tatu aliyekaa karibu na dirisha, ameinama, anachezea kifungo cha sweta.

Tulijibu kama tulivyofundishwa. Kumbukumbu la Torati sura ya 18, kuanzia aya ya 10. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117. Tukaongeza, kwa sauti ya kukaza, kwamba Mkristo hachezei mambo ya giza hata kwa utani. Katika jibu hilo hakuna neno ambalo gombera wetu angelifuta. Tulirudi chumbani tumeridhika, tukanywa chai, tukalala.

Jumanne yake, shuleni kwao (shule hatutaitaja), msichana mmoja alianguka akipiga mayowe wakati wa masomo ya jioni. Kisha wa pili, kisha wa nne. Katika mayowe hayo mmoja akataja jina. Begi la mwenye jina likapekuliwa, ndani yake likapatikana kaunta buku lililojaa mwandiko mpaka pembeni. Alhamisi binti alikuwa nyumbani kwao, ameambiwa apumzike hadi hali itulie. Na maneno yetu ya Jumamosi yalikuwa yameshatembea kuliko sisi wenyewe. Sokoni, kwenye hais, kwenye mstari wa maji, watu walisema: mafrateri walilisema hili mapema.

Daftari lilitufikia kwa mkono wa katekista mmoja, mtu mwema, mwenye bidii kuliko sisi. Alitaka lichomwe mbele ya kanisa baada ya Misa ya pili, akataja Matendo ya Mitume 19:19, pale Waefeso wanapochoma vitabu vyao vya uganga vyenye thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Paroko alimsikiliza hadi mwisho, akalipokea daftari, akatukabidhi sisi. "Lisomeni kwanza," alisema. "Usiku huu."

Tukalisoma kwa tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umekatika.

Ni hadithi ya wasichana watatu wa Vwawa, wanafunzi. Usiku usio na mwezi wanatoroka kwenda Ndolezi kwenye Kimondo. Msomaji aliyefika pale anakijua: pande la chuma lenye urefu wa takribani mita 3 lililoanguka kutoka angani zamani ambazo hakuna anayezikumbuka, chuma na nikeli, limelala shimoni kama ng'ombe aliyechoka. Wanaweka mikono juu yake. Asubuhi wanaamka wakiwa na nguvu. Wa kwanza anaelewa lugha ya injini. Wa pili haonekani na mtu yeyote anayesema uongo, jambo linalomfanya asionekane na karibu kila mtu mzima. Wa tatu, mdogo kuliko wote, anaweza kufungua kufuli lolote, ila kila akifungua moja anasahau kitu kimoja anachokipenda.

Mmoja anapendekeza wasafiri kwa ungo. Mwenzake anamjibu kwamba ungo ni wa bibi, anapepetea ulezi, na bibi akiukosa asubuhi itakuwa kesi. Basi wanapanda juu ya matrela. Wanavuka Tunduma kwenda Nakonde bila pasipoti, wakipita katikati ya walinzi wanaosema uongo. Wanaikata Zambia yote hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Wanamtafuta baba wa yule mdogo, dereva aliyeondoka na mzigo na hakurudi. Wanafika kwenye kontena lililofungwa kwa kufuli. Yule mdogo anajua baba yumo ndani. Anajua pia kwamba akilifungua, kitakachosahaulika safari hii ni sura ya baba.

Hapo hadithi inakatika. Ukurasa unaofuata una hesabu za logarithi.

Tulikaa kimya muda mrefu. Mmoja wetu akasema, "Huyu mtoto anaandika." Mwingine akasema, "Na sisi tumemfanya nini?"

Hadithi za namna hiyo si ngeni duniani. Tangu kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilipotoka Uingereza mwaka 1997, vijana wa nchi nyingi wamekua wakisoma habari za wachawi wa umri wao wanaopanda treni na kufanya mitihani. Ndani ya Kanisa yalisemwa mengi juu yake. Wapo mapadri walioonya, na lipo gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, ambalo mwaka 2009 liliisifu filamu ya sita ya mfululizo huo kwa jinsi ilivyouweka wazi mpaka kati ya wema na uovu. Na huko kote mabishano yalikuwa juu ya roho ya msomaji. Hatujasikia kwamba kuna aliyehofia maisha ya bibi ya mwandishi.

Sisi tulikuwa tumekutana na aina hiyo mwaka mmoja kabla, katika boksi la vitabu vya msaada vilivyoletwa maktaba ya seminari. Kilikuwemo Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor ya mwaka 2011. Mhusika wake, Sunny, ana miaka kumi na miwili, amezaliwa Marekani na wazazi wa Kinaijeria, na sasa anaishi Nigeria. Ni msichana mwenye ualbino. Anapenda mpira na anatembea na mwavuli kwa sababu ya jua. Anagundua kwamba ana nguvu za siri, yeye na wenzake watatu, na kwamba mjini kwao kuna mtu anayeteka na kuua watoto, nao ndio watakaomkabili. Katika ulimwengu wa riwaya hiyo mtu akijifunza jambo jipya fedha humdondokea kutoka angani, na jambo hilo lilitufurahisha sana sisi wa falsafa, ambao hatujawahi kudondokewa na kitu.

Lakini tulikisoma kama Watanzania, na hatukuweza kukisoma kama wengine. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watoto kama Sunny waliwindwa kwa mapanga kwa sababu kuna waliowaaminisha wachimbaji, wavuvi na wanasiasa kwamba kiungo cha mwenye ualbino huleta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mauaji yalipungua, hayakuisha. Mei 2024, wilayani Muleba, mtoto wa miaka miwili na nusu alinyakuliwa kutoka nyumbani kwao na akakutwa amekufa, amekatwa viungo. Miongoni mwa waliofikishwa mahakamani alikuwemo baba yake mzazi na alikuwemo padri. Kesi ina mahakama yake, wala si kazi yetu kuihukumu hapa. Ila katika gazeti la waseminari hatuwezi kupita hapo kana kwamba hatukusikia. Siku habari ile ilipotufikia tulikuwa mezani, na hakuna aliyemaliza chakula.

Kwa Okorafor mtoto mwenye ualbino ndiye mwenye nguvu. Kwetu amefanywa malighafi ya nguvu za wengine. Kitabu kile kile, ukikivusha mpaka, kinabadilika uzito.

Hata Vwawa yenyewe ina kumbukumbu zake. Tulipokuwa hatujazaliwa au tuko mgongoni, kati ya mwaka 1999 na 2001, magazeti yaliandika habari za uchunaji ngozi katika mkoa wa Mbeya wa wakati ule, ambao Mbozi ilikuwa sehemu yake kabla Songwe haijawa mkoa mwaka 2016. Watu waliuawa, ngozi zikadaiwa kuuzwa ng'ambo ya mpaka. Akina mama wa jumuiya walitusimulia jinsi walivyokuwa wakiwafungia watoto ndani kabla ya jua kuzama. Mtu aliyelelewa na hofu hiyo humcheki anaposikia neno "mchawi." Hatumcheki sisi.

Alhamisi ile ile tulikwenda jumuiya. Baada ya sala, mzee mmoja aliyeheshimika akasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwingine akasema huko vijijini wameshaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka Songwe na Rukwa wakidai kufichua wachawi, na kila kaya ikachanga. Kwa nini mtaa huu usichange? Tulitaka kusema kwamba serikali imewapiga marufuku mara kwa mara, lakini kabla hatujafungua mdomo mama mmoja akauliza kwa upole kabisa, bila ubaya wowote usoni: "Jamani, binti wa miaka kumi na sita kayatoa wapi haya? Mambo haya hurithiwa."

Hakuna aliyetaja jina. Hakukuwa na haja. Binti analelewa na mama yake na bibi, na bibi ana macho mekundu kama bibi yeyote aliyepikia kuni jikoni kwa miaka sitini. Sote tunajua macho mekundu yamewafanya nini bibi za watu huko Shinyanga na Mwanza. Baridi iliyotupita mgongoni pale haikuwa ya Agosti.

Usiku huo tulijadili mpaka kuku wakawika, na ni vyema tuseme tulichokijadili.

Kwanza lile neno "hurithiwa." Mwaka 1977 Claude Mung'ong'o alitoa riwaya iitwayo Mirathi ya Hatari. Ndani yake kijana wa shule, huko Njombe kwenye nyanda zetu hizi za juu kusini, anaitwa na baba yake aliye mahututi na kukabidhiwa uchawi wa ukoo. Ilisomwa na wanafunzi wengi. Hakuna aliyemchoma Mung'ong'o wala kumtafuta baba yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi akatutengenezea filamu za Nsyuka na Shumileta, mizimu na majini, na watoto wa rika letu walizitazama kwenye vibanda vya video wamejifunika mashati usoni. Kesho yake walicheza mpira. Kwa nini basi daftari la mwanafunzi mmoja liwashe moto?

Tulilipata jibu taratibu, na tunalileta kwa wasomaji walipime. Riwaya ina jina la mtunzi kwenye jalada. Inasema wazi: nimetunga. Filamu ina waigizaji, na ukikutana na mchawi wa filamu kituo cha basi unamwomba picha. Lakini vijana tuliokutana nao Vwawa hawasomi riwaya sana. Wanasikiliza simulizi kwenye simu, usiku, wakiwa wamejifunika blanketi, na karibu kila simulizi huanza kwa tangazo kwamba hiki ni kisa cha kweli. Wanasikiliza shuhuda za watu wanaodai walikuwa malkia wa kuzimu kabla ya kuokoka. Aina hii ina babu yake. Mwaka 1987 Mnaijeria Emmanuel Eni alitoa kijitabu akieleza kama ushuhuda jinsi alivyotumikia nguvu za giza na kuingia hadi falme za chini ya bahari, na kikasambaa Afrika kwa mikono, kwa fotokopi, kwa mahubiri. Hakikuomba kusomwa kama hadithi. Kiliomba kusadikiwa. Na msomaji wake akishasadiki, kazi inayobaki ni moja tu: kutafuta ni nani mtaani kwake anakwenda huko chini ya bahari.

Kwa hiyo tulipotoa mada kwenye Amri ya Kwanza tulikuwa tumefungua ukurasa usio wenyewe. Swali la yule kijana lilikuwa la Amri ya Nane, la kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu namba 2477 inataja hukumu ya haraka: kukubali moyoni, bila msingi wa kutosha, kwamba jirani ana kosa. Kumbuka, haisemi kutangaza. Kukubali moyoni tu kunatosha. Sisi hiyo namba tulikuwa tumeisoma kwa ajili ya mtihani.

Hata ile aya ya Waefeso tuliirudia. Walileta vitabu vyao wenyewe. Hakuna aliyepekuliwa begi.

Na Kanisa limeshalijua jambo hili kwa uchungu. Karibu mwaka 785 Karolo Mkuu aliwawekea Wasaksoni sheria kali, na mojawapo iliamuru adhabu ya kifo kwa atakayemchoma mtu moto kwa kusadiki, kipagani, kwamba ni mchawi anayekula watu. Yaani kosa lilikuwa la anayechoma. Karne nyingi baadaye tukasahau. Mdominikani Heinrich Kramer aliandika mwishoni mwa karne ya 15 kitabu cha kuwasaka wachawi, na Ulaya, Wakatoliki na Waprotestanti, ikachoma maelfu kwa maelfu, wengi wao wanawake. Aliyetushika sisi zaidi ni Friedrich Spee, Mjesuiti wa Ujerumani. Mwaka 1631 alichapisha Cautio Criminalis bila kuweka jina lake. Alikuwa ameungamisha watu waliohukumiwa kwa uchawi, na hoja yake kubwa ni rahisi hata kwa mwanafunzi wa mantiki wa muhula wa kwanza: mateso yale ukimpa yeyote, hata kanoni au askofu, atakiri. Ushahidi unaozalisha jibu lile lile kwa mwenye hatia na asiye na hatia si ushahidi. Tukajiuliza, mayowe ya wasichana saa mbili usiku yanatofautianaje na hayo? Januari 1962, Kashasha, huko huko Muleba, wasichana wa shule ya bweni walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95, na shule ikafungwa. Hakuna aliyekuwa amewaroga. Walikuwa wasichana wenye hofu, mbali na nyumbani, katika mwaka wa kwanza wa uhuru.

Tulimkumbuka pia Evans-Pritchard na Waazande wake, kitabu cha 1937 ambacho kila mwanafunzi wa falsafa ya Kiafrika hukutana nacho. Ghala linaanguka kwa sababu mchwa wamekula nguzo. Mwazande anajua hilo vizuri. Anachouliza ni kwa nini limemwangukia huyu, saa hii. Sayansi inakaa kimya hapo. Anayetuumiza mara nyingi ni yule anayeharakisha kujaza kimya hicho kwa jina la mtu. Miaka ya 1930, ng'ambo tu ya Tunduma, kwa Wabemba, walipita Wamchape: vijana waliovaa nguo za kizungu, wenye vioo vidogo vya mviringo, wakidai humo humwona mchawi. Walikuwa wa kisasa kabisa kwa wakati wao. Lambalamba ni wajukuu zao, ila sasa wana simu.

Je, tunasema uovu haupo? Hatusemi hivyo. Kila Pasaka tunamkataa shetani na mambo yake yote, na tunalikataa kwa dhati. Tunachosema ni kwamba ubatizo ulitupa wajibu wa kumkataa shetani, haukutupa kipaji cha kumtambua kwenye macho ya bibi anayepika kwa kuni.

Ijumaa asubuhi tulimweleza paroko haya, kwa vipengele, tukitaja namba. Alitusikiliza akiwa anafunga kamba za viatu. "Mlijibu vizuri swali ambalo hamkuulizwa," alisema. "Twendeni."

Nyumba ya binti iko juu kidogo ya barabara, malori yanasikika ukiwa ndani. Bibi alitupokea. "Tumsifu Yesu Kristo, wanangu." Tukaitikia, tukamwamkia, akaleta viti viwili na ndoo iliyogeuzwa. Mama wa binti alieleza kidogo kidogo. Mume wake ni dereva, alikwenda Lubumbashi mwaka juzi na mzigo. Mara ya mwisho kupiga simu alikuwa kwenye foleni Kasumbalesa. Kampuni inasema gari lilirudi na dereva mwingine. Hapo tukaelewa kufuli la kontena, na mmoja wetu akatoka nje kidogo, akasema anaangalia kahawa.

Paroko hakuhubiri. Alimwambia mama kwamba jumuiya ya wiki ijayo itasali hapa. Kisha akamwuliza bibi, "Bibi, leo umepika nini?"

Alhamisi iliyofuata watu walikuja, wengine kwa kumtii padri, wengine kwa kutaka kuona. Baada ya Injili bibi alileta ugali na maharage. Ni lazima tueleze kilichotokea hapo, maana tungekiacha makala hii ingekuwa na uongo ndani yake. Mtu akishanong'onwa hivyo, chakula chake hakiliwi. Kila aliyekuwemo alilijua hilo. Paroko alinawa, akakata tonge, akala, akaomba aongezewe mchuzi. Zamu ikafika kwetu. Mmoja wetu alikata tonge likasimama njiani. Lilisimama kwa muda mfupi kuliko Salamu Maria moja, lakini lilisimama. Miaka miwili ya falsafa, Spee, Katekisimu, usiku mzima wa hoja, na mkono ukasita. Bibi aliona. Aliangalia pembeni ili kumwondolea aibu frateri, kama wafanyavyo wazee waliolelewa. Ndipo tukala.

Mzee wa "lisemwalo lipo" alikuwa wa tano kunawa. Mama aliyeuliza habari za kurithi hakula siku hiyo, alisema ana vidonda vya tumbo. Jumapili baada ya Misa ya kwanza tulipewa dakika mbili za kusimama mbele. Tulisema kwamba jibu letu la ukumbini lilikuwa pungufu, kwamba kutunga hadithi si dhambi, na kwamba kumtaja jirani kuwa mchawi ni kosa zito ambalo mtu anapaswa kuliungama na kulilipia fidia kwa kurudisha jina alilolichafua. Hakuna aliyepiga makofi. Kijana wa nyuma aliyeuliza swali alikuwa kwenye kwaya, anatazama viatu.

Mchango wa lambalamba haukufanyika mtaani pale. Binti alirudi darasani baada ya wiki tatu, na dawati lake likawa na nafasi kubwa kila upande. Januari mama yake alimhamishia shule nyingine, kwa shangazi. Bibi bado anauza maharage sokoni, na tumeambiwa wateja wake si wengi kama zamani.

Daftari tulimrudishia siku mbili kabla ya kuondoka Vwawa. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua papo hapo, akapitia kurasa kama mtu anayehesabu kuku wake. Akafika ukurasa ambao mmoja wetu, kwa mazoea, alikuwa amesahihisha herufi mbili kwa penseli.

"Frateri, mmeandika kwenye daftari langu."

Tukaomba radhi. Akasema si kitu, penseli hufutika. Tulimwuliza yule mdogo ataamuaje kuhusu kufuli. Alisema hajaamua. Akanyamaza, halafu akauliza kama ni kweli Lubumbashi nao wanaongea Kiswahili, na kama mtu wa Vwawa akiongea atamwelewa mtu wa huko. Tukamwambia wanaongea, ila chao kina ladha yake, kuna maneno atalazimika kuuliza. Akatoa kalamu sikioni, akaandika kitu pembeni ya hesabu za logarithi.